Mtoto wa Ishirini na Sita

Foleni ya chanjo ilikuwa imetoka nje ya mlango wa zahanati na kuzunguka mpaka duka la dawa. Kila mtu alikuwa na pasi ya kusafiria mkononi, kila mtu ana haraka, na muuguzi wa kuchoma sindano alikuwa mmoja tangu asubuhi. Wote walimwita Sista. Jina hilo lilikuwa limemganda hata nyumbani, wadogo zake walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, nywele kazisuka mistari midogo, sare yake nyeupe imenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo inakata.

Wa arobaini na moja alikuwa fundi umeme, mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni na mabega mapana. Akaketi, akakunja mkono wa nguo, akaitazama sindano, akaanguka chini kama gunia.

Alipozinduka alimkuta Sista amepiga magoti kando yake, anampepea na kadi ya chanjo.

"Unashika nyaya za umeme kila siku," Sista alimwambia, "halafu kisindano hiki kinakulaza?"

"Umeme najua unakotokea. Wewe umenijia ghafla."

Watu wa foleni walicheka. Sista alijitahidi asicheke, akashindwa. Alipokuwa akimjazia kadi ndipo alipoona kwamba fundi huyu alikuwa akienda nchi ile ile, tarehe ile ile, na kikundi kile kile cha kanisa alichojiandikisha yeye. Mchungaji alikuwa akipeleka watu wanane ng'ambo kwa wiki mbili, kwenye nyumba ya watoto yatima. Sista angewapima watoto afya. Fundi angebadilisha nyaya za jengo, ambazo zilikuwa kuukuu na za hatari.

Miezi miwili ya maandalizi iliwatosha. Walianza kwa kukaa pamoja kwenye mikutano ya maombi, wakaishia kupigiana simu kila jioni. Fundi alimwita "daktari wangu wa kienyeji", Sista alimwita "mgonjwa wa sakafuni". Fundi alimweleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, baba hakumjua, na amelelewa na shangazi. Sista alimwonea huruma, na huruma ikazidi kuwa kitu kingine.

Wiki moja kabla ya safari Sista alimfuata Fundi kazini na kumkuta juu ya ngazi, simu kaibana begani.

"Ndiyo, Mama," alikuwa akisema kwa sauti laini. "Waambie watoto nakuja Jumamosi. Usihangaike, Mama, mimi nipo."

Sista alingoja chini ya ngazi. Mama gani, na yule wake alifariki? Watoto wa nani? Fundi aliposhuka, alimuuliza. Angesema lolote angeaminiwa, lakini alitazama chini, akasema ni mambo ya zamani, wasiyazungumze. Siku tatu baadaye Fundi alimwandikia Mchungaji kwamba hasafiri tena. Hakutoa sababu.

Basi Sista akajumlisha mwenyewe: mama ni mama mkwe, watoto ni wake, na mkewe yupo mahali. Alifuta picha zake zote kwenye simu. Namba hakuifuta, akajiambia atafanya hivyo akifika.

Nyumba ya watoto ilikuwa ya ghorofa moja, karibu na mto, na paa la zege lililo wazi. Kulikuwa na watoto ishirini na sita na mlezi mmoja mnene, aliyekuwa amewahi kuishi nchini kwao Sista na kujifunza Kiswahili kidogo. Watoto walimzoea Sista siku ya kwanza, isipokuwa kabinti ka miaka sita kasikosema na mtu. Wenzake walikaita kwa neno ambalo mlezi alitafsiri kuwa Sungura. Ukimgeukia, hayupo.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri bila kupumua. Saa sita mchana mto ukaja uani. Mchungaji na wageni wengine wakaanza kuwapandisha watoto juu ya paa, na Sista akabaki chini kufunga dawa. Hapo ndipo aliposikia boksi la umeme ukutani, kwenye korido, likinguruma kama nyuki. Taa zikapepesa. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia jikoni, yakitambaa kuja.

Alitoa simu, akakosea kubonyeza mara mbili. Fundi umeme aliyemjua duniani alikuwa mmoja tu.

Alipokea mlio wa kwanza haujaisha. Sista hakumsalimu. Alimweleza maji yalipo na boksi linavyolia, na akasikia upande wa pili pumzi ikikatika. Boksi lile Fundi alikuwa alibadilishe yeye, siku ya pili ya safari. Alilijua kwa picha alizotumiwa.

"Umesimama pakavu?" aliuliza.

"Pakavu. Bado hatua kama tano."

"Sikiliza, mpenzi. Maji yakikugusa mguu, acha kila kitu ukimbie. Umevaa nini miguuni?"

"Ndala za mpira."

"Vizuri. Tafuta mti mkavu, mpini wa ufagio. Usiguse boksi kwa mkono. Kuna swichi kubwa upande wa kulia, isukume chini kwa mpini."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Isukume."

Aliusukuma mpini akiwa amefumba macho. Kikasikika kishindo, cheche moja ya buluu, kisha ngurumo ikakoma na korido nzima ikawa giza la mchana wa mvua. Sista alikaa chini akilia bila sauti. Kwenye simu, mwanamume mzima alikuwa akilia pia, na wala hakujificha.

Ndipo Mchungaji akaita kutoka juu kwamba amehesabu mara tatu na kupata watoto ishirini na watano. Mlezi alikuwa anapiga mayowe nje, akidhani mtoto kachukuliwa na mto. Sista alimwambia Fundi kwa maneno machache, akitaka kukata simu akatafute uani.

"Usiende nje," alisema. "Tafuta chini ya vitanda. Kile cha mwisho, kwenye kona, mbali na mlango. Umeme umekatika, sasa unaweza kukanyaga maji."

"Utajuaje wewe?"

Fundi alijibu kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa chini ya kitanda. Sikulelewa na shangazi. Nimekulia kwenye nyumba kama hiyo, na Mama ni mlezi wetu. Nenda, Sista. Usimvute. Lala chini akuone uso, umngoje."

Chumba cha kulala kilikuwa upande wa mto, chini zaidi ya korido; aliingia maji yakiwa magotini. Kitanda cha kona kilikuwa cha chuma, kirefu kwa miguu. Chini yake Sungura alikuwa amekamatia springi kwa mikono yote miwili, kichwa kimegusa godoro, maji yakimfika kidevuni. Hakulia. Sista alipiga magoti ndani ya maji machafu mpaka nyuso zao zikawa sawa. Lugha hakuwa nayo, akakosa hata wimbo. Alinyoosha mkono akausimamisha hapo, meno yakigongana, huku kila sehemu ya mwili wake ikimwambia amnyakue akimbie. Maji yalipanda upana wa kidole. Kisha vidole vidogo, baridi kama samaki, vikashika kidole gumba chake.

Boti za uokoaji ziliwatoa juu ya paa kesho yake asubuhi, wote salama.

Kwenye uwanja wa ndege wa nyumbani, Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kamba na shati jeupe jipya ambalo bado lilikuwa na alama za kukunjwa dukani. Pembeni yake alikuwa mama mzee mwenye fimbo, ambaye hakungoja kutambulishwa. Alimkumbatia Sista, akamwambia huyu ni mwanawe wa pili kwa ukaidi kati ya wote aliowalea, kisha akasogea kando kuwaachia nafasi.

"Kwa nini hukuniambia?" Sista aliuliza.

Fundi alieleza polepole. Wageni walikuwa wakija kwenye nyumba aliyokulia, wanawabeba, wanapiga nao picha, wanaahidi kurudi. Yeye aliahidiwa mara nne. Aliponunua tiketi aliona anakwenda kuwa mgeni wa tano, akashindwa. Na kwa Sista aliogopa kwamba akijulikana ataonewa huruma tu.

"Nimeogopa kila kitu," alimalizia. "Lakini siku ile kwenye simu niliogopa zaidi. Nioe, yaani, naomba nikuoe. Hata kusema siwezi."

Sista alicheka hadi machozi yakamtoka, akakubali bila kungoja sentensi nyingine.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi. Desemba walipanda ndege wawili, Fundi akiwa na mita kadhaa za waya kwenye begi na mikono iliyoloa jasho njia nzima. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya, lakini alama ya maji bado ilionekana ukutani. Fundi alifanya kazi siku mbili bila kumtafuta Sungura. Siku ya tatu binti akaja mwenyewe, akasimama karibu na ngazi, akamnong'oneza mlezi.

"Anauliza mnaondoka lini," mlezi alisema.

Sista alitaka kusema bado sana. Fundi alishuka ngazi, akaketi sakafuni.

"Mwambie Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Sisi hatukuwahi kuambiwa siku."

Sungura alihesabu kwa vidole, siku nne. Akauliza tena.

"Anasema, na kurudi?"

Fundi alimtazama mkewe. Alijua neno hili lina uzito gani kwa anayelipokea. Sista akatikisa kichwa kukubali.

"Agosti, shule zikifungwa. Tukichelewa nitampigia simu mimi mwenyewe, nimweleze kwa nini."

Mlezi akatafsiri. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akamkagua Fundi usoni kwa muda mrefu, kisha akaokota bisibisi iliyoanguka na kumkabidhi.