Mkanda wa Cherehani

Lifti ya jengo la maduka ilipokwama, fundi cherehani alikuwa ndani, gauni la bi harusi begani, kabanwa na watu tisa. Mlango ulipofunguka, fundi lifti akamnyooshea mkono uliojaa grisi.

"Usiniguse! Gauni jeupe hili."

"Basi nishike wewe, dada. Mimi sichafuki."

Akacheka, akamshika. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Sasa alikuwa na mimba ya mapacha, wiki ya ishirini na mbili, na kipimo kilionyesha mlango wa kizazi umekuwa mfupi. Watoto wangeweza kuzaliwa kabla ya wakati. Daktari akampa vidonge vya homoni, aweke ukeni kila jioni. "Kwa mapacha siwezi kukuahidi," alisema, "ila kwa hali yako inafaa tujaribu."

Mume alisikia tu kwamba hakuna ahadi. Kazini kwake, chenye hitilafu kinazimwa kwanza. Kesho yake mke akakuta cherehani haina mkanda, na juu yake kibao: HAITUMIKI, MATENGENEZO.

Akampigia simu, hasira zimempanda. "Mkanda wangu uko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Nataka upumzike, mpenzi."

"Daktari kasema? Au mama yako, asiyetaka nifanye kazi? Kwani mimi lifti?"

Akafungasha nguo na dawa, akahamia kwa dada yake.

Kila jioni simu iliita. "Mama mapacha, umeweka dawa?"

"Nimeweka." Akakata. Lakini simu ikichelewa, hakutulia.

Siku ya kliniki alimkuta mumewe kwenye benchi, kavaa shati lake la harusi. Waliingia pamoja.

"Daktari, kushona kunamdhuru?"

"Akiwa ameketi? Hapana. Asinyanyue vitu vizito, na dawa asikose."

Mume akautoa mkanda mfukoni. "Nisamehe. Niliogopa, na huko tumboni hakuna nati ya kukaza."

"Hata mimi naogopa, mpenzi. Nikikaa bure ndiyo naogopa zaidi. Twende nyumbani."

Aliweka dawa kila jioni, akashona. Wiki ya thelathini na sita walizaliwa, wa kike na wa kiume, wakilia kwa zamu. Baba alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma.

"Wapokee, basi."

"Nimenawa mara tatu, grisi haitoki. Nikiwachafua?"

"Washike, mume wangu," alisema, machozi yakimtoka. "Hawachafuki."