Aliyemwitikia Mzee

Msimamizi alipopiga simu kumshukuru daktari wa meno kwa kuja kumtembelea baba yake, daktari alidhani amekosea namba.

"Jana nilikuwa kliniki mpaka jioni, dada. Sijasafiri."

"Usinitanie, daktari. Nilikufungulia mlango mwenyewe. Mzee alikula mpaka akaongeza."

Msimamizi hakuwa mtu wa masihara. Zamani alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, na sasa kazi yake ilikuwa kuwaangalia wazee ambao watoto wao wako mbali: aliwapeleka hospitali, akawatafutia wasaidizi wa kupika na kufua, akahakikisha dawa zinanywewa, kisha akawapa watoto habari. Daktari alimwajiri mara tu baada ya kumzika mama yake, akarudi mji wake moyo ukiwa mwepesi. Wepesi ule ndio uliokuja kumtesa. Kidogo kidogo alizoea kuuliza habari za baba kwa msimamizi badala ya kumuuliza baba mwenyewe. Mzee akipiga simu, yeye ana mgonjwa kwenye kiti. "Nitakupigia, baba." Riziki yake ilikuwa kuwafungua watu vinywa, lakini kwa baba yake kinywa chake kilikuwa kizito kama kilichodungwa ganzi.

Alisafiri. Alifika mchana wa jua kali, mtaa mzima umejifungia ndani. Msimamizi alifungua geti, akaitazama miwani aliyovaa daktari, akarudi nyuma.

"Umetokea wapi?" alinong'ona. "Si uko ndani?"

Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa tu. Nyuma yake daktari aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ikisimulia kisa cha mgonjwa aliyemng'ata kidole akadai ni daktari aliyemchokoza. Kisa kilikuwa cha kweli. Alikuwa amekiweka amchekeshe nacho baba yake siku akipata nafasi, na hakuwa amemsimulia mtu yeyote. Mzee alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Daktari akausukuma mlango.

Baba yake alikuwa peke yake, ameketi kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Chumba kilinukia marashi ya daktari mwenyewe, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine, kama ya nywele zilizoungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi. Sindano." Ndilo jina alilompa baba yake, fundi cherehani, alipomwona bintiye anakua bila kunenepa.

Mzee akaipapasa mikono yake, akaiachia. "Sauti umeiiga vizuri," alisema kwa adabu, kama anayezungumza na mteja. "Lakini mwanangu ametoka sasa hivi kuniletea maji. Mikono yake ina joto."

Jikoni maji yalikuwa yakimiminika. Daktari alitaka kukimbia, lakini miguu ilimpeleka kulekule, akipapasa ukuta kwa mkono kama kipofu, harufu ile ya kuungua ikizidi kumkaba kooni kila alipojongea, maji yakiendelea kumiminika kwenye bilauri ambayo ingepaswa kuwa imejaa zamani, mpaka akamwona mwanamke amempa mgongo, amevaa gauni la kijivu, gauni ambalo yeye mwenyewe alilivaa kwenye mazishi ya mama yake na kulisahau kabatini humu, na mwanamke yule alipogeuka, uso ulikuwa wake, ila haukuwa na miwani wala ile mikunjo ya pembeni mwa mdomo, uso wa siku ile aliyoondoka.

"Taratibu," ule uso ukamwambia. "Anataka kusinzia."

"We... wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayekuja."

Daktari alikimbilia uani, msimamizi akamdaka.

"Ulikuwa unaangalia nini wewe?" daktari alifoka kwa sauti ya chini. "Nimekukabidhi baba yangu!"

"Nisamehe. Nilifurahi tu kwamba amepata mtu." Msimamizi akafuta jasho. "Naweza kumsimamia kwa kila kitu, daktari. Kuwa mwanawe siwezi."

Msimamizi ndiye aliyekwenda kumwita mganga, mama mmoja mnene mwenye kikohozi, aliyekuja bila ngoma wala mkoba. Aliomba kigoda tu, akakaa mbele ya mlango wa jikoni.

"Nani kakuleta?" akauliza.

"Hakuna," ilijibu sauti ya daktari kutoka ndani. "Nilikuwa napita. Kila alasiri mzee anaita Sindano, anaita tena, na hakuna anayeitika. Nikaitika."

Mganga akamgeukia daktari. Daktari akatazama sakafu.

"Angekuwa ametumwa, ningemrudisha alikotoka," mganga alisema. "Huyu kakuta nafasi wazi. Baba yako akiita, itika kabla ya huyu. Huyu akikosa wa kumwitikia, atachoka."

"Na nikishindwa?"

"Basi mzee tayari ana mtoto, huyu wa jikoni."

Daktari akafunga kliniki. Siku za mwanzo, mzee alipoita, zilitoka "Abee, baba" mbili kwa pamoja, moja kando yake na nyingine jikoni, naye mzee akageuzia kichwa jikoni. Alikataa kulishwa na binti yake. Usiku daktari alilia, kwa kuwa hakuweza kumlaumu. Lakini hakuondoka. Alimsimulia habari za kliniki, akajaribu kumchekesha akashindwa, akasimulia tena. Alimuuliza habari za mama, maana hakuwahi kuuliza. Ile sauti ya jikoni ikaanza kuchelewa, kisha kukauka, ikawa kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ukuta mnene.

Alasiri moja mzee akaita, na "abee" ikawa moja. Msimamizi alikwenda kuchungulia jikoni. Gauni la kijivu lilikuwa sakafuni, bado lina joto. Walilichoma uani.

Mzee alitega sikio kuelekea jikoni.

"Na yule mwingine?"

"Ameondoka, baba."

Machozi yakamtiririka bila kwikwi. "Hakuwa na haraka, yule," alisema.

Daktari akapiga magoti. "Nisamehe, baba."

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa bintiye, akaushika ulivyo, wa baridi.

"Kaa basi," alisema. "Nitakuzoea."