Pua na Meza ya Baba

Tangu shule zifungwe, kila asubuhi Pua alipita sebuleni akiwa ameziba pua kwa vidole viwili. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, maana msichana huyu alinusa kila kitu: maziwa kabla ya kuyanywa, shuka kabla ya kujifunika. Shangazi alikuwa akiishi nao, lakini sasa ameolewa na kuhamia kwake. Na aliyemtia Pua kinyaa siku hizi ni baba yake mzazi.

Baba alifanya kazi katika kampuni ya maji, akipokea malalamiko ya wateja kwa simu. Zamani alifanyia kazi ofisini, katika mji wa mbali, akawa anarudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Mwaka huu aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Pua alifurahi ajabu, kwani kila jioni baba alikuwepo, wakifanya hesabu na kutaniana. Lakini lo, uchafu wake! Vikombe vya chai vilijaa mezani pake sebuleni, vingine vimeota ukungu wa kijani. Maganda ya ndizi yalikaukia juu ya karatasi. Soksi ndiyo usiseme. Kwa ajili ya mikutano ya kwenye kompyuta alivaa shati lililopigwa pasi, na chini ana kaptura ya kulalia.

"Baba, kikombe hiki kina manyoya!" Pua alilalamika.

"Shh! Niko kazini," baba alinong'ona, kisha akamrudia mteja wake kwa sauti tamu. "Pole sana, mama. Mtaro usiposafishwa lazima unuke. Taka haziondoki zenyewe."

Pua alitamani mama huyo aione meza ya mshauri wake.

"Kwani ofisini ilikuwaje?" alimuuliza baba alipokata simu.

"Ofisini nikimaliza chai nasukuma kikombe pembeni ya meza. Nikija kesho yake, hakipo."

"Nani alikuwa anakiondoa?"

Baba alikuna kichwa. "Mama wa usafi, nadhani. Sikuwahi kumuuliza."

"Basi hapa hayupo!" mama alidakia kutoka chumbani alikokuwa akishona nguo za wateja. "Na mimi nina cherehani yangu. Siigusi hiyo meza ng'o!"

Siku moja msimamizi wa baba alipiga simu. Alikuwa akizungukia nyumba za wafanyakazi, na asiye na mahali safi pa kazi angerudishwa ofisini. Tena alikuwa tayari ameingia mtaani kwao. Baba aliruka kama aliyekalia sindano. Alikusanya vikombe, maganda na soksi, akavishindilia vyote kwenye droo kubwa na kuisukuma kwa goti.

"Usiseme neno," alimwambia Pua.

Msimamizi, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliketi, akatazama meza, akakunja uso. "Humu kunanuka nini?"

"Ni mtaro wa jirani," baba alijibu haraka.

"Eti, mwanangu?" msimamizi alimgeukia Pua.

Baba alimtazama kwa macho ya kuomba. Akisema kweli, baba ataondoka, na jioni nyumba itakuwa kimya kama zamani. Lakini jirani yao masikini alikuwa amekosa nini?

"Si mtaro, shikamoo," alisema, ulimi ukimkwama. "Ni vikombe. Viko kwenye droo."

Baba aliifungua droo taratibu. Mende mnene alitoka, akapanda juu ya kompyuta.

"Mama wee!" msimamizi aliruka. "Mtu mzima! Uchafu ningeuvumilia, lakini kumsingizia jirani? Aibu gani hii! Safisha sasa hivi, mimi niko hapa hapa."

Baba aliosha vikombe vyote, akatupa maganda, akapiga deki. Pua alifungua madirisha. Lakini waliporudi mezani, harufu ilikuwepo vile vile, tena kali zaidi.

"Haki ya Mungu, mimi nimemaliza!" baba alijitetea.

Msimamizi aliinama, akaifuata ile harufu hadi chini ya meza. Akavuta begi la shule. "Hili la nani?"

Pua alifungua begi lake. Ndani mlikuwa na kopo la chakula, na ndani ya kopo, mkate na yai la siku ya kufunga shule. Yai lilikuwa jeusi, lina funza. Nusura atapike.

"Shangazi ndiye aliyekuwa akilitoa..." alianza kusema.

Baba aliangua kicheko. Msimamizi hakucheka.

"Baba alimtegea mama wa usafi, mtoto naye shangazi," alisema. "Sikilizeni nyote wawili. Kazi ni kazi, ifanyiwe nyumbani au ofisini, na uchafu ni wa aliyeufanya. Miaka yote hiyo kuna mtu aliinama nyuma yenu, wala hamkumshukuru. Baba, utabaki nyumbani, kwa sababu binti yako alisema kweli ilipokuwa ngumu kuisema. Ila nitarudi, na sitapiga simu."

Alipoondoka, Pua alikwenda kwenye sinki, akalisugua kopo kwa mikono yake, akipumua kwa mdomo. Baba alikuja na kikombe alichotoka kunywea chai, akasimama kando yake.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Na mimi nina kikombe changu."