Manyoya ya Kwale

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Kadzo huwamwagia pumba kuku wa bibi yake uani, katika nyumba ya kupanga nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu, huku pwani. Wiki hiyo tetea mwekundu hakuonekana. Kadzo, ambaye hata mvua ikichelewa humtafuta wa kumlaumu, alianza kuwachunguza wapangaji mmoja mmoja.

Shuleni aliona manyoya mekundu ndani ya mkoba wa Mwende, jirani yake wa chumba cha pili. Akamuuliza ameyatoa wapi. Mwende alisema ni ya kwale wa milimani, aliyoyaokota shangazi yake huko Nyandarua, na kwamba ameyaleta kwa somo la sayansi. Yalikuwa na ukingo mweupe, na tetea hakuwa na weupe wowote, lakini Kadzo hakutaka kuona hilo. Kufikia mapumziko, darasa zima lilikuwa limeambiwa kwamba hawa watu wa bara wamekula kuku wa bibi. Mwende akabaki peke yake.

Baadaye, katika somo la sayansi, Mwalimu Ronald alimwita Mwende mbele. Mwende alieleza kwamba kwale ni ndege wa ardhini. Hupenda kukimbia kuliko kuruka, huparua udongo kutafuta mbegu na mizizi, na jike hutaga chini, palipofichwa na majani. Akiatamia hutulia tuli, unaweza kumpita usimwone.

"Hata kuku akitaka kuatamia hujificha," akamalizia, akimtazama Kadzo. "Wenu mmemtafuta wapi?"

Kadzo alikuwa ametafuta mwizi tu. Kuku hakumtafuta popote.

Alipofika nyumbani alikwenda chini ya ngazi, akasogeza magunia ya mkaa. Tetea alijitutumua, akamdonoa mkono. Alikuwa amelalia mayai. Kadzo aliona aibu hata akatamani asingempata.

Alimweleza bibi yake, Mejumaa, kila kitu.

"Mjukuu wangu, kuku tumempata," bibi alisema. "Lakini jina la mwenzio umelichafua wewe, na wewe ndiwe utakayelisafisha. Kumshuku mtu si ushahidi. Ungechunguza kwanza, ndipo ukasema. Kesho waambie wale wale uliowaambia."

Kesho yake Kadzo alisimama mbele ya darasa, akakiri kwamba kuku hakuibwa, na kwamba yeye ndiye aliyemzulia Mwende. Mwende alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini bado inaniuma."