Chumba Walichonificha Kwenye Jukwaa Langu

Kiliitwa "WANAOJUA TU."

Chumba kizima, ndani ya jukwaa langu, kwenye tovuti yangu ninayoilipia mwenyewe... na mimi sina ruhusa ya kuingia.

Nikatazama waliomo. Frehiwot, shosti wangu ninayemwita Fre, yumo. Abenezer, mchumba wangu, yumo. Majirani waliohamia Toronto, binamu zangu, hadi kasisi wa kanisani kwetu... wote wamo.

Asiyekuwemo ni Selamawit. Yaani mimi.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, ndugu zangu, maana hapa nilipo natype machozi yananitoka.

Mimi nauza netela Shiro Meda, Addis Ababa, zile shuka nyeupe nyepesi zenye urembo pembeni. Picha naweka kwenye tovuti yangu. Watu wa mtaa wetu walioko nje wakawa wanakuja kununua nguo moja, wanaacha salamu za kijiji kizima.

Kaka yangu Natnael, Nati wetu, mwenye duka Johannesburg, ndiye aliyeniambia.

"Selam, hawa hawatafuti nguo. Wanatafuta nyumbani. Wafungulie jukwaa waongee."

Nikafungua. Jamani, nilihangaika! Matapeli wa dawa za nguvu za kiume wanavamia, watu wanajisajili na hawapati barua pepe ya kuthibitisha. Fre ndiye aliyekaa na mimi mpaka likasimama. Nikampa usimamizi wote, maana nilimwamini kuliko ninavyojiamini.

Likachangamka kweli. Hata Mama akajifunza kulisoma kwenye simu yake. Kila jioni akimaliza kahawa yake anauliza, "Nati kaandika nini leo?"

Halafu Nati akanyamaza.

"Fre, mbona Nati haonekani?"

"Mtandao wa kule unasumbua, mpenzi. Atarudi tu."

Aliongea huku anakunja nguo ambazo nilikuwa nimeshazikunja.

Abenezer naye akabadilika. Nikitokea, wanakata maongezi. Siku moja nikaingia dukani kwangu nikamkuta Fre kamwegemea begani, analia.

"Mafua," akasema.

Mafua gani ya kulilia begani kwa mchumba wa mtu? Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Basi Jumamosi jioni nikaingia kwenye mitambo ya jukwaa, nikakikuta hicho chumba. Kwa kuwa tovuti ni yangu, niliona jina lake na waliomo. Yaliyoandikwa ndani sikuyaona, mpaka kwanza nijipe ruhusa ya kusoma.

Nikampigia Fre.

"Kuna nini humo ndani?"

Nikamsikia anafunga mlango wa chumba alimokuwa.

"Si nakuuliza wewe?"

"Selam, nakuomba usikifungue. Kesho asubuhi nakuja kwenu, utajua yote."

"Unakuja na Abenezer?"

"...Ndiyo. Na wengine."

"Mnakuja kuniomba radhi kwa kwaya?"

"Kwa jina la Mariamu, dada yangu. Subiri mpaka kesho."

Nikakata simu.

Ningeweza kujipa ruhusa mimi peke yangu nikasoma taratibu. Lakini mwenye hasira hana macho. Nilitaka waumbuke, mtaa mzima uone, na Toronto waone. Nikamvua Fre usimamizi. Kwenye sehemu ya nani asome, nikachagua WOTE.

Nikabonyeza. Ukurasa wa mbele nikaandika, "Karibuni muwaone nyoka niliowafuga."

Ndipo nikaingia kusoma, nimejiandaa kukuta mapenzi yao.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa rafiki wa kaka yangu, Johannesburg.

"Nati ametutoka. Amegongwa na gari. Msimwambie Mama wala Selam kwa simu. Tunahangaikia mwili urudi nyumbani."

Nikausoma tena. Maneno nayajua, lakini hayakuwa yanaingia.

Chini yake Fre ameandika, "Mimi na Abenezer tunashindwa kumtazama Selam usoni. Leo nimelia mbele yake nikasingizia mafua."

Kisha Gashe Wondimu, yaani Mzee Wondimu, mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana. "Mwili unafika Jumapili. Alfajiri tutakwenda sote. Wanawake wamzunguke mama yake, moyo wake mnaujua."

Kwetu kifo hakitumwi kwa simu. Watu wanakuja alfajiri, wanajaza nyumba, ndipo mkubwa wao anasema. Ukianguka, unaangukia mikononi mwa watu.

Nikakumbuka nilichobonyeza.

WOTE.

Mama...

Nilikifunga chumba, nikakimbilia chumbani kwake. Mlango ukafunguka kabla sijaufikia.

Alisimama na simu mkononi. Netela yake alikuwa ameigeuza, urembo wa chini ameuweka juu, kama wavaavyo wafiwa. Hakuwa analia.

"Selam, hii ni kweli, au ni mambo yenu ya mtandaoni?"

Nikaichukua simu mkononi mwake. Akakaa chini palepale mlangoni, nami nikakaa naye nikamshika.

Alfajiri wakaja. Gashe Wondimu mbele, wanawake nyuma yake, Abenezer, Fre. Mzee akavua kofia, akaanza maneno aliyoyaandaa.

"Mama Nati, Mungu ndiye..."

"Kaka yangu Wondimu, usihangaike. Nimeshasoma."

Yule mzee akabaki na kofia yake mkononi, hajui aiweke wapi.

Fre akanipita. Akakaa nyuma ya Mama, akamkumbatia. Na hapo ndipo Mama alipolia. Mimi nilikuwa nimemshika tangu jana, na hakulia.

Nyie mnaofungua majukwaa, nyie mnaopekua simu za wapenzi wenu, nisikilizeni. Si kila unachofichwa ni usaliti. Ukikuta mlango umefungwa, uliza kwanza aliyeufunga anamlinda nani.

Fre amenisamehe, au anasema hivyo. Usimamizi nimemrudishia, hajaingia tena.

Mama hajawahi kunilaumu. Ila juzi, tukiwa tunachambua dengu, alisema bila hata kuniangalia.

"Nilikuwa peke yangu chumbani, Selam. Nilitafuta mtu wa kumshika, nikashika kitanda."