Mtaalamu na Mgongo wa Runinga

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja, Mtaalamu alimsomea Bibi ujumbe wa simu. Jina hilo alibandikwa na baba yake siku alipoifufua rimoti iliyokuwa imekufa, kwa kusugua tu kutu kwenye betri zake. Nyumba nzima ilicheka na jina likamganda. Shida ni kwamba tangu siku hiyo, neno "sijui" lilikuwa likimkwama kooni.

Jumamosi hii ujumbe ulitoka kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa anamaliza chuo cha uuguzi. "Mchana huu tunakula kiapo. Chuo kitaonyesha moja kwa moja kwenye mtandao. Mama ameshafika salama. Tafadhali, Bibi anione."

Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga yake. Ndiye aliyemlea mjukuu huyo tangu anatambaa, lakini magoti yalikuwa yamegoma kusafiri, na kwenye kioo cha simu hakuona ila ukungu.

"Usihofu, Bibi," Mtaalamu alisema. "Utamwona kwenye TV kubwa. Nitaiunganisha na kompyuta ya Shangazi. Kazi ndogo hiyo."

Baba yake alikuwa seremala, na runinga ya sebuleni alikuwa ameijengea kabati la mbao lililoibana barabara, hata mende angepita kwa taabu. Matundu yaliyoonekana yalikuwa matatu tu, ubavuni: la njano, jekundu na jeupe. Hapo ndipo zamani walipochomeka deki.

Shangazi, karani wa ofisi, alipita na kompyuta yake kwenye mkoba akiwa mbioni kwenda kazini.

"TV yenu ina matundu gani?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Yale matatu ya rangi tu, Shangazi."

"Nyuma umeangalia?"

"Nimeangalia."

Hakuwa ameangalia. Ila mtaalamu gani anaambiwa akachungulie nyuma ya kabati?

"Basi waya wangu wa projekta uliomo humu hautawafaa," Shangazi alisema. "Katafute mwingine dukani." Akamwachia mkoba na kompyuta yake, akaondoka.

Muuza vifaa vya umeme alikuwa mtu wa maswali. Alimuuliza kompyuta inatoa picha kwa tundu gani. Mtaalamu akamjibu kwamba ni HDMI, na hilo alikuwa na hakika nalo kwa kuwa liliandikwa pembeni mwa tundu lenyewe.

"Na TV haina HDMI? Nyingi siku hizi zinalo. Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia." Mara hii uongo ulitoka kwa urahisi zaidi, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Muuzaji alishusha waya wenye kichwa bapa upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. "Huu peke yake sidhani kama utakusaidia, binti. Kompyuta inazungumza lugha ya kidijitali, na matundu ya rangi yanaelewa lugha ya zamani. Katikati panatakiwa kisanduku cha kuzigeuza, nacho kimeniishia."

"Utatosha tu," Mtaalamu alisema, maana kuuliza zaidi kungeonyesha kwamba hajui.

Haukutosha. Alichomeka, akachomoa, akachomeka tena, akabonyeza rimoti mpaka kidole kikauma. Kioo kilibaki cheusi tii. Wakati huo Bibi alikuwa ameshavaa gauni lake la kutokea na kukaa mbele ya runinga, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Bado, mjukuu wangu?"

"Bado kidogo, Bibi."

Baba aliingia kutoka karakana, nywele zimejaa unga wa mbao. "Vipi, Mtaalamu? Mbona giza?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: TV imeharibika. Nani angembishia? Lakini alimtazama Bibi katika gauni lile, na aibu ikamjaa kifuani. Akisema hivyo, kila mtu ataacha kujaribu, na Bibi atavua gauni lake bila kumwona mtu.

"Sijui, Baba," alisema. "Sijui kuna matundu gani nyuma. Niliwaambia watu nimeangalia, na sikuangalia."

Baba hakugomba. Alichukua bisibisi, akapiga magoti ubavuni mwa kabati, akalegeza skrubu, na ubao wa nyuma ukatoka mzima. "Nililitengeneza lifunguke," alisema. "Ungeniambia tu."

Mtaalamu aliingiza kichwa kwenye vumbi akiwa na tochi ya simu. Kulikuwa na tundu la HDMI. Chini yake palikuwa na tundu pana la bluu lenye safu za vitobo. Waya wa HDMI hawakuwa nao, na duka, kama kila Jumamosi, lilikuwa limeshafungwa. Lakini tundu la bluu lilimkumbusha kitu. Aliufungua mkoba wa Shangazi, na ndani yake mlikuwa na waya mnene wenye vichwa vya bluu. Akampigia.

"Shangazi, nilikudanganya kuhusu TV. Ina tundu kama la waya wako wa projekta."

Shangazi alijibu, "Haya, hayo tutayaongea nikija. Huo ni VGA, unapitisha picha bila sauti. Kaza skrubu zake, kisha kwa rimoti chagua kompyuta. Sauti itatoka kwenye kompyuta yenyewe."

Mtaalamu alifanya hivyo, akafungua matangazo ya chuo kwenye kompyuta, na picha ikatokea, pana na angavu. Baba aliiweka kompyuta kwenye kigoda karibu na sikio la Bibi, na kiapo kikaanza kusikika.

Wauguzi walisimama safu kwa safu, wote katika sare nyeupe. Bibi alinyoosha kidole. "Yule wa katikati ndiye?"

Kusema "ndiyo" kungemfurahisha papo hapo. "Sijui, Bibi," Mtaalamu alijibu. "Ngoja niangalie." Alisogea hadi kwenye kioo, akapitisha macho uso kwa uso. "Siye. Dada ni huyu wa mwisho kulia, anayejifuta machozi."

Bibi aliinama mbele, akatazama pale kidole kilipogusa, na uso wake ukachanua. "Ndiye," alinong'ona. "Hata kulia analia vilevile kama utotoni."

Alimshika Mtaalamu mkono, akamketisha kando yake. "Macho yangu yamechoka, kwa hiyo leo nimeazima yako. Usione haya kusema hujui, mjukuu wangu. Unaposema hujui kisha ukaenda kuangalia, ndipo na mimi ninaona."