Aliyeomba Nafasi ya Nne

Redio ya upepo, ile ya kuongea na madereva njiani, ilikoroma, kisha sauti ya mwanamume, nzito kama ya mtu mwenye maji kooni, ikasema, "Nimefika. Nipangie nafasi."

Bibiana hakuinua hata kichwa. Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, na yadi ile ya Lumemo, pale Ifakara, ilikuwa imejaa malori. Magari madogo yalileta mpunga kutoka Malinyi, ng'ambo ya mto Kilombero, na makuli wakauhamishia hapohapo kwenye malori makubwa ya Dar es Salaam, maana ghala halikuwepo na gunia likilowa mpunga unaota. Bibiana ndiye aliyepanga nani aingie wapi, nani angoje.

"Ingia ya nne," alijibu.

Hakuna gari lililoingia. Alipochungulia dirishani, nafasi ya nne ilikuwa tupu, ila matairi mapana yalikuwa yamechora tope mpaka ukutani, na palinuka kambale waliooza.

Kuanzia hapo makuli hawakupataka. Walisema ukiinama kushika gunia unasikia mtu anakupumulia shingoni. Zakayo, msimamizi wa yadi, aliwafokea mpaka akakaukiwa mate. Halafu likatokea la Fridolin.

Fridolin alikuwa dereva mzoefu, mtu asiye na papara. Jioni moja alifika kivukoni mvua ikimwagika, akateremsha gari moja kwa moja mtoni. Pantoni ilikuwa ng'ambo. Utingo wake aliwahi kuruka; Fridolin alizama na gari. Aliletwa yadini akitetemeka ndani ya blanketi, akamkodolea macho Bibiana.

"Dada, ni wewe uliyemwambia. Kwenye redio. 'Pantoni ipo, Fridolin, teremka.' Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Mimi? Nilikuwa kanisani!"

"Na redio ilikuwa imezimwa," Zakayo alinong'ona. "Funguo za ofisi ninazo mimi."

Bibiana alimnyang'anya funguo, akawasha redio. Mumewe, Viktor, alikuwa ameshapakia mpunga Malinyi, na kesho yake angefika kivuko kilekile. Alimwita redioni mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa mbali mno, hapatikani.

Asubuhi Rabia, mpishi wa yadi, alimshika mkono akampeleka kwa mjomba wake, Mwalimu Nassib, msomaji wa dua. Bibiana aliingia na rozari yake shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ulimkaribisha?"

"Sikujua, Mwalimu. Aliomba nafasi, nikampa. Ndiyo kazi yangu."

Mzee alitoa ubani kwenye kikapu. "Huyo ni wa mtoni. Haingii mahali mpaka apewe ruhusa, na ruhusa aliipata kinywani mwako. Mimi nitasoma, lakini wa kumtoa ni wewe. Ujue tu kwamba wa namna yake haondoki mikono mitupu."

Walifika yadini alasiri, mbingu nyeusi tii. Mwalimu akafukiza ubani ofisini, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Harufu ya kambale ilipanda mpaka Rabia akatapika mlangoni. Ndipo redio ikakoroma, na Bibiana akajisikia mwenyewe akiongea humo ndani, sauti yake ileile, na kicheko chake kidogo cha mwishoni.

"Viktor, mume wangu, pantoni ipo. Teremka."

Akarukia kipaza sauti. "Viktor, usiteremke! Siyo mimi huyo! Simama hapohapo!"

"Bibi, mbona unanichanganya?" Viktor alijibu, mvua ikivuma nyuma yake. "Nateremka au nasimama?"

"Simama!"

"Teremka!"

Na kila alichosema Bibiana, jina la utani alilompa Viktor wakiwa wachumba, jina la mtoto wao waliyemzika Mahenge, kiapo cha ndoa yao, ile sauti nyingine ilikisema naye neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mpaka mwenyewe akawa hajui ipi inatoka kifuani mwake na ipi inatoka redioni, huku akisikia injini ya mumewe ikibadilishwa gia na maji yakinguruma karibu zaidi.

"Mtoe!" Mwalimu alipiga kelele. "Mtoe sasa!"

"Uliyeingia kwa ruhusa yangu," Bibiana alilia, "nafasi yako nimeifuta. Toka!"

Redio ikanyamaza. Kisha ikauliza polepole, kwa sauti ileile ya Bibiana, "Nitoke na nini?"

Bibiana alifumba macho. "Toka na hiyo sauti. Niachie mume."

Ubani ulizimika. Kitu kizito kikajiburuta kutoka nafasi ya nne hadi getini, na harufu ikaondoka nacho. Redioni Viktor akasema, "Nimefunga breki. Mungu wangu, maji yako hapa mbele ya taa. Bibi? Bibi, nijibu."

Bibiana alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Viktor alirudi salama, akalia magotini pa mkewe. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote kooni. Wakazoea kuishi kwa ishara, na yadi ikarudia kazi zake.

Masika ikachanganya. Alasiri moja Bibiana alikuwa kwenye kibaraza cha uani anapepeta mchele, Viktor akiwa sebuleni anafunga kamba za viatu. Nje ya mlango wa mbele, katikati ya mvua, mwanamke akaita kwa furaha:

"Viktor, mume wangu! Njoo unipokee mzigo!"

"Bibi!" Viktor alipaza sauti, karibu kulia. "Bibi, umepona!"

Ungo ulimponyoka Bibiana. Alikimbia kuelekea sebuleni, mdomo wazi, akisukuma pumzi yote aliyokuwa nayo, na kabla hajafika akasikia komeo la mlango likivutwa.